Hongo, Juliana na ya Kutolea: Habari za Vitu katika Uchumba wa Buhaya

Katika kazi yangu ya ualimu hapa Muleba, wazee huniuliza mara kwa mara swali moja: Je, Mwalimu, vijana wa siku hizi wapendana au wanunuana? Vijana nao, wakisha kunizoea, huniuliza la kwao: Wazee wetu waliona nini katika mabibi zetu, ila mbuzi na vibuyu vya pombe? Mimi naona ya kuwa maswali hayo mawili ni moja, na kila upande wamwuliza mwenziwe jambo ambalo haukujiuliza wenyewe.

Nia yangu katika maneno haya si kuwalaumu vijana wala kuwasifu wazee. Nataka kuvifuata vitu vyenyewe vilivyopita kati ya mwanamume na mwanamke katika nchi ya Bukoba na Muleba, yaani kahawa, nguo, fedha, barua na simu. Na pamoja navyo kuyatazama maneno ambayo watu walitumia kuvitaja. Maana watu husahau upesi namna jambo lilivyokuwa, lakini neno hubaki.

I. Kahawa ya kutafuna

Kahawa ilikuwako Buhaya kabla ya Mzungu yeyote kufika. Haikuwa ya kunywa, bali ya kutafuna. Matunda yake huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Kwa Kihaya huitwa akamwani, na hata leo mgeni akiingia nyumbani huletewa ili aanze mazungumzo nayo mdomoni.

Katika tunda moja la kahawa mna punje mbili, na kwa sababu hiyo lilitumika katika kufunga udugu wa damu. Watu wawili walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake mwenyewe, akampa mwenziwe aimeze. Tangu siku hiyo waliitwa abanywani, yaani watu walionyweana. Leo neno omunywani ni jina la rafiki yeyote, na wengi wanaolitumia hawajui ya kuwa ndani yake mna habari ya kunywa damu. Lakini jambo nitakalo lionekane ni hili: agano hilo halikufanywa na watu wawili peke yao. Walikuwapo mashahidi, na mashahidi hao ndio waliojua kwa nini kahawa ile ilimezwa.

Posa ilikuwa vivyo hivyo. Upande wa kijana ulimtuma mshenga, na baada ya maneno mengi zilipelekwa simbi na pombe ya ndizi, yaani rubisi. Simbi zaweza kufichwa katika mfuko, pombe haifichiki. Hunywewa na baba, na ndugu zake, na majirani, na kila aliyekunywa hawezi kusema kesho ya kuwa hakujua binti yule ameposwa na nani. Basi pombe haikuwa bei ya binti, kama wageni wengine walivyodhani. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya vinywa vya kushuhudia.

Hata ndani ya ndoa vitu viliendelea kwenda na kurudi. Majira ya senene yalipofika, wanawake ndio waliozikusanya, wakawaletea waume zao. Na mume mwenye adabu hakula senene za mkewe akanyamaza, bali alimpa nguo. Desturi hii ilijulikana Buganda pia. Sidhani mtu yeyote alisema ya kuwa mke amenunua nguo kwa senene. Kila mtu alijua maana ya kile kitu, kwa kuwa nyumba zote zilifanya hivyo katika majira yale yale.

II. Nguo za pwani na neno hongo

Nguo za Wahaya wa kale zilitoka katika miti yao wenyewe: gome lililopondwa mpaka likawa laini, na nyuzi za mmwale. Nguo za pamba na shanga zilifika kwa misafara ya pwani iliyopita Unyanyembe, na kituo chao kikubwa katika pande hizi kilikuwa Kafuro, katika nchi ya Karagwe. Vitu hivyo kwanza vilikuwa vya jumba la mfalme. Kijana wa kawaida hakuwa na njia ya kuvipata ili ampelekee msichana.

Msafara ulipotaka kupita katika nchi ya mtu ulitoa hongo. Mwingereza Speke alipokuja huku mwaka 1861, alipita Usui, na mfalme Suwarora akamtoza hongo nyingi, vitambaa kwa vitambaa, hata wapagazi wakachoka kungoja. Alipoingia Karagwe kwa mfalme Rumanyika mambo yakawa mengine. Hakudaiwa hongo, watu walimletea chakula kwa amri ya mfalme, naye akatoa zawadi zake baadaye kama mgeni kwa mwenyeji wake. Nguo zilikuwa zile zile, zimetoka pwani katika mizigo ile ile. Usui zilikuwa ushuru wa kufunguliwa njia; Karagwe zilikuwa heshima ya urafiki.

Sasa na tuliangalie neno hilo katika Kiswahili cha leo. Hongo ni rushwa, na kila mwanafunzi ajua hivyo. Lakini tena watu husema, fulani amemhonga mwanamke. Maana yake amempa nguo au fedha ili amkubali. Neno limetoka katika njia ya misafara likaingia katika mambo ya mapenzi, nalo halikubadilika sana: mtu atoa kitu ili afunguliwe njia, na akisha kupita hana deni. Ndiyo sababu neno kuhonga halitumiki kwa mtu apelekaye mahari, hata kama mahari hiyo ni kubwa mara mia. Watu wasiosoma kitabu chochote waitambua tofauti hiyo, wakaitia katika lugha.

III. Kahawa ya fedha

Wajerumani waliweka boma lao Bukoba mwaka 1890, likiongozwa na Emin Pasha. Mwaka 1892 Mapadre Weupe walifika Kashozi. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika pwani ya Ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, na meli zikaunganisha reli hiyo na Bukoba. Tangu hapo kahawa ilipata njia ya kwenda Ulaya, na vitu vya Ulaya na Bara Hindi vikapata njia ya kuja: amerikani, mablanketi, sabuni, cherehani na baiskeli.

Kahawa iliyokuwa ya kumkaribishia mgeni ikawa pia ya kulipia kodi na kununulia. Katika miaka ya 1920 bei yake ilipopanda, fedha ziliingia hata kwa vijana. Kijana ambaye zamani angengoja baba yake na ukoo wake, sasa aliweza kujikusanyia mwenyewe. Kwa upande mmoja jambo hilo lilikuwa uhuru mwema: aliweza kumtaka msichana aliyempenda. Kwa upande wa pili mahari ilipanda pamoja na kahawa, na kahawa ilipoanguka bei mwishoni mwa miaka hiyo, mahari haikukubali kushuka upesi.

Aliyebanwa zaidi alikuwa mwanamke. Kwa desturi mke aliyetaka kuachana na mumewe alidaiwa mahari irudishwe. Baba hakuwa nayo tena, imekwisha kutumika. Na mwanamke mwenyewe hakuwa na kibanja, kwa kuwa ardhi ya ukoo ilikuwa ya wanaume. Basi wengine walipanda meli wakaenda Kampala na Nairobi, na huko Nairobi waliitwa Waziba, kwa jina la nchi ya Kiziba, hata wale wasiotoka Kiziba. Wengi walijipatia fedha kwa kuuza miili yao. Watu wamewasema sana wanawake hao, na sisi walimu hatukuwa wa mwisho. Walakini yafaa kukumbuka walifanya nini na fedha hizo: wengi walirudi wakanunua vibanja, wakajenga, wakawatunza wazazi wao. Walinunua sokoni kitu ambacho desturi iliwanyima nyumbani. Hata mwaka 1990 ndipo Mahakama Kuu ya Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, iliposema katika shauri la Wahaya ya kuwa mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume.

Pamoja na fedha ilikuja barua. Shule za misioni zilifundisha kusoma ili watu wasome Maandiko na katekisimu, lakini kijana akisha kujua kuandika hawezi kuzuiwa asiandike analotaka. Aliyekwenda kazini Uganda aliweza sasa kusema na msichana aliyemwacha kijijini, bila ya mshenga na bila ya shangazi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii maneno ya uchumba kupita kati ya watu wawili tu, mbali ya masikio ya wazee. Lakini wengi hawakujua kusoma, wakampelekea mwalimu barua zao awasomee. Kwa hiyo mwalimu akawa shahidi, apende asipende.

IV. Juliana

Nafika sasa mahali ambapo ni vigumu kwangu kuandika, kwa kuwa niliyaona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu kaskazini ya mto Kagera, na vita iliyofuata ilikwisha mwaka 1979. Baada ya vita maduka yalikuwa matupu. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, nguo vilevile. Na mwaka 1983 serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi nchi nzima. Lakini mpaka wa Uganda ulikuwa karibu, na kwa njia za porini na za Ziwa palikuwa na biashara ya magendo. Kahawa ilivuka, na vitu vya dukani vikarudi. Katika vitu hivyo kulikuwa na kitambaa cha kike kilichopendwa mno, jina lake Juliana. Wafanyabiashara wenye fedha waliwapa wanawake, na kila aliyemwona msichana amevaa Juliana alijua, au alidhani anajua, amekipata kwa nani.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa na gauni la Juliana. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alilivaa Jumapili, na sisi watoto tulimfuata njiani ili tuliguse. Bibi alimwuliza mara moja, Nani amekununulia? Akajibu, Nimenunua mwenyewe, mama. Bibi akanyamaza, na katika nyumba yetu hakuna aliyeuliza tena.

Mwaka ule ule wa 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Kamachumu. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa ule uliowakausha vijana. Walipoona wamekufa wafanyabiashara, kisha wakafuata wanawake waliopewa nguo, waliuita ugonjwa wa Juliana. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Rakai, wavuvi na wachuuzi walisema ya kuwa wamerogwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao. Kila upande ulisema ugonjwa umetoka kwa mwenziwe, na pande zote mbili zilisema umekuja na bidhaa.

Shangazi alikufa mwaka 1986. Gauni lake lilichomwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa umo katika nyuzi. Nakumbuka kitambaa kile hakikuwaka kama nguo ya pamba. Kilijikunja na kuyeyuka, na bibi alisimama akikitazama mpaka mwisho.

Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta virusi kwa watu wazima 24 katika kila 100 mjini Bukoba, na 10 katika kila 100 katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Mjini hesabu hiyo ilishuka ikawa 18 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996, kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Ilishuka kwa kuwa wengi walikufa, na pia kwa kuwa watu walibadili mwenendo wao.

Nimelifikiri sana jina hilo la Juliana. Lina kweli ndani yake, na lina dhuluma. Kweli yake ni kwamba watu waliona jambo kabla ya madaktari kueleza: kitu cha thamani kimepita kwa siri kati ya mwanamume na mwanamke, na nyuma ya kitu kuna mauti. Dhuluma yake ni kwamba walichukua jina la kike. Mwenye gari, na fedha, na wanawake katika kila kituo, hakuitiwa ugonjwa. Ameitiwa aliyevaa nguo. Tena, wengi katika waliokufa walikuwa wake wa nyumbani waliolipiwa mahari kamili mbele ya ukoo mzima, wakaletewa ugonjwa na waume zao. Basi mtu asije akasema ya kuwa desturi ya zamani ingaliwaponya wote. Mashahidi wa posa hawakuweza kumlinda mke na ugonjwa. Waliweza kushuhudia tu ya kuwa ni mke.

V. Ya kutolea

Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na baada yake kampuni nyingine za simu zikafuata. Leo fedha hupita kutoka mkono hadi mkono bila ya mikono kuonana. Neno jipya la uchumba likazaliwa: tuma na ya kutolea. Maana yake, mwenye kutuma fedha aongeze na ile itakayokatwa na kampuni ya simu wakati wa kuzitoa, ili mpokeaji asipungukiwe. Vijana hulitumia kama kipimo. Atumaye bila ya kutolea huhesabiwa bahili. Atumaye nayo huhesabiwa mwenye kupenda. Kwa simu hiyo hiyo huchaguana kwa picha, na picha hizo zimejaa nguo, viatu na vyakula vya mahotelini, hata kijana wa Kamachumu hujipima kwa vitu vya Dar es Salaam na vya Marekani.

Miaka michache iliyopita niliitwa katika baraza la wazee wa koo mbili. Binti alikuwa na mimba. Kijana alisema hakumwahidi ndoa kamwe. Binti akatoa simu yake, akampa baba yake, na mzee akanigeukia.

"Mwalimu, nisomee. Macho yangu hayafiki hapa."

"Ndiyo, Tata," nikamjibu, nikasoma.

Nikasoma ujumbe baada ya ujumbe wa miaka miwili: shilingi elfu kumi, elfu tano, elfu ishirini, kila mmoja na jina la mtumaji, na siku, na saa, na baadhi yake na ya kutolea. Hesabu yote ilizidi mahari ambayo wazee wengi wa pale walilipa. Nilipomaliza, baba wa kijana alisema, "Fedha hizo sisi hatuzijui. Hatukutuma mshenga, wala hatukunywa pombe katika nyumba hii." Kijana akasema zilikuwa msaada tu, za vocha na sabuni. Binti akasema zilikuwa za kuanzia maisha. Tuliachana jioni bila mapatano, na mtoto alizaliwa kwa babu yake.

Nilirudi nyumbani nikifikiri ya kuwa simu ile ilikuwa shahidi mzuri kuliko mzee yeyote. Ilikumbuka kiasi, jina, siku na saa, wala haikusema uongo. Jambo moja tu haikulitaja, nalo ni nia. Hakuna ajuaye kama fedha zile zilikuwa kama nguo za Usui au kama nguo za Karagwe, maana aliyezituma aliachiwa kusema baadaye lolote lililomfaa.

VI. Mwisho

Basi jibu langu kwa wazee ni hili: upendo katika nchi yetu haukuwa bila vitu tangu kale, nanyi mliposa kwa vitu. Na jibu langu kwa vijana: wazee hawakuwanunua mabibi zenu. Tofauti haiko katika wingi wa vitu wala katika upya wake. Iko katika kusema wazi, mbele ya watu, kitu hiki ni cha nini. Kitu kikipita bila ya neno hilo, mwenye kutoa hubaki na uhuru wa kukipa maana aitakayo, na mwenye kupokea hubaki na mzigo. Na mara nyingi mpokeaji huyo ni mwanamke asiye na kibanja.

Sisi walimu na wachungaji hatuwezi kuwarudisha watu kwenye simbi, wala haifai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitaki mahari ili ndoa iwe halali, na msichana wa leo ana haki ya kuchagua mwenyewe. Lakini twaweza kumfundisha kijana kusema nia yake mapema, mbele ya mtu wa tatu, hata kama ni kwa barua ya mistari mitatu au kwa ujumbe wa simu unaosomwa na wazazi wa pande zote mbili. Twaweza pia kumfundisha binti kuuliza swali ambalo bibi yangu aliliuliza mara moja tu, naye aulize mpaka ajibiwe.

Nawaomba walimu wenzangu wa Karagwe, Misenyi, Ngara na Biharamulo waandike majina ya nguo na vitu vilivyopendwa na wachumba katika pande zao, na miaka yake, na watu walisema nini juu yavyo. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua.